Samaki wa kupaka kwa jiko la gesi siku ya kazi: rojo langu halishiki, nakosea wapi?

AbiriaWaPantoni

Habari zenu wapishi. Naishi Kigamboni, upande wa Kibada, na kazi yangu iko Posta. Saa 11 jioni nikitoka kazini nashuka kwa miguu hadi Feri, nanunua samaki, wananiparia palepale, navuka na pantoni mfuko wangu mkononi. Foleni ikiwa nzuri, saa 12 na nusu niko jikoni. Watoto wangu wawili wanalala saa 2 na nusu. Kwa hiyo tangu nifungue mlango mpaka sahani iwe mkekani nina dakika 40, nikijivuta 45.

Ninachotaka kupika ni samaki wa kupaka. Si samaki wa mchuzi wa nazi, huyo namjua. Nataka yule ambaye rojo limemganda mwilini, linang'aa, ukimshika linabaki kidoleni, na kingo za ngozi zimebabuka kidogo. Bibi yangu mzaa mama, Bagamoyo, alikuwa akimpika nyuma ya nyumba kwa makaa ya vifuu. Anaponda ncha ya shina la mchaichai mpaka linakuwa kama burashi, anachovya kwenye rojo, anapaka, anageuza, anapaka tena. Shughuli ilianza baada ya alasiri, tukala baada ya isha. Mimi alasiri sina. Nina jiko la gesi la plati mbili, frampeni moja nzito ya chuma, masufuria na blenda. Oveni sina. Mkaa upo, lakini kuliwasha jiko mpaka makaa yakolee ni dakika 20, na watoto wana njaa.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilichanganya kila kitu bakuli moja: tui, ukwaju, manjano, kitunguu saumu, pilipili, sukari kidogo. Nikamlaza changu humo dakika kumi, kisha nikambandika kwenye frampeni. Rojo likaungua likawa jeusi na chungu kabla nyama haijaiva, ngozi yote ikabaki kwenye chuma, na karibu na mfupa bado kulikuwa na damu. Mara ya pili nililichemsha rojo peke yake, tui likakatika: mafuta juu, chengachenga nyeupe chini. Mara ya tatu nikamkaanga kwa mafuta mengi mpaka akakauka vizuri, halafu nikammwagia rojo. Likateleza lote likatuama kwenye sahani, ngozi ikalowa. Binti yangu mkubwa akaniuliza, "Mama, huu ni mchuzi?"

Changu ninaonunua ni wa nusu kilo hivi, wawili. Naomba mwenye kujua anieleze taratibu: nini kinatangulia, nini kinafuata, na rojo nifanyeje lishike.

---

MparajiFeri

Dada, mimi kazi yangu ni kupara samaki hapohapo unaponunua, kwa hiyo nianzie kwenye mfuko wako kabla hujafika jikoni.

Mnada mkubwa Feri ni alfajiri. Samaki unayemkuta saa 11 na nusu jioni huenda alishuka kwenye boti asubuhi, na swali ni moja tu: amekaa wapi tangu hapo? Kama alikuwa kwenye barafu, mzima kabisa. Kama amelala mezani juani, mwache hata kama bei imeshuka. Usiangalie macho tu, maana wauzaji wanawamwagia maji wang'ae. Funua mashavu uone kama ndani ni mekundu na hayana utelezi mzito wa kahawia. Bonyeza mgongoni kwa kidole. Nyama ikirudi juu, sawa. Shimo likibaki, nenda meza nyingine. Halafu mnuse tumboni, usione aibu, hela ni yako.

Jambo la pili, na hili nakuomba ulizingatie kwa sababu una watoto. Vibua na jodari wa jioni ambaye hakulala kwenye barafu usimnunue kabisa, hata kama ananukia vizuri. Samaki wa aina hiyo wakikaa joto nyama yao hutengeneza kitu kinachowasha. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, na moto hauondoi kile kitu, ukaange au uchemshe. Ukionja ukahisi ulimi unachomachoma kama umeweka pilipili na hukuweka, tema. Changu, tasi na chewa hawana sana tatizo hilo, ingawa wao pia wanaoza kama samaki mwingine.

Sasa kwenye kupika. Mwambie mparaji akupasulie changu kwa mgongoni, sio tumboni. Kisu kinapita juu ya uti wa mgongo kuanzia kichwani mpaka mkiani, anafunguka kama kitabu, kama wanavyopasuliwa wa ng'onda, wale wa kukaushwa. Atoe matamvua na utumbo, akate mapezi, mfupa abaki nao upande mmoja. Akilala bapa hivyo, moto unamfikia mara moja, na ile damu ya mfupani hutaiona tena. Wateja wengi wa siku hizi hawajui kuomba hivyo, lakini ni kazi ya dakika moja.

Na kipindi cha kusi, bahari ikichafuka, changu anapanda bei. Kolekole mdogo anafaa pia kwa kazi hii.

---

BiMkubwaTanga

Marahaba mwanangu, nimepokea shikamoo yako hata kama hujaitoa. Nimepika samaki wa kupaka miaka 38, na 22 kati ya hiyo nikiuza jioni hapa Ngamiani. Maelezo yako yamenigusa, hasa huyo bibi na mchaichai wake. Alikuwa mpishi.

Makosa yako matatu ni kosa moja. Unautaka moto mmoja ufanye kazi mbili. Kumwivisha samaki ni kazi moja, kumpaka ni nyingine. Samaki wa kupaka haivii ndani ya rojo. Anaiva kwanza, mkavu, kisha anavishwa. Huwezi kumvisha mtu kanzu naye hajajifuta maji.

Sikiliza na hili, maana ndilo litakalokupa muda. Bibi yako hakuhitaji jioni nzima kumwivisha changu. Changu makaani anaiva upesi. Muda wake wote ulikwenda kwenye kulikausha rojo. Lilikuwa jepesi, anapaka utando, makaa ya vifuu yanakausha maji yake taratibu, anapaka mwingine, na mwingine, mpaka nazi na ukwaju vinaganda ngozini. Wewe huna makaa hayo wala huo muda. Basi likaushe rojo kwenye sufuria, kabla halijamgusa samaki. Likifika mwilini mwake liwe limebakiza dakika tano tu za kukauka.

Tui. Nazi moja iliyokomaa, itikise usikie maji yanacheza. Iponde kwenye blenda na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo la kwanza, zito, ndilo la rojo. Rudisha machicha na maji mengine, kamua la pili, hilo pikia wali. Fanya usiku wa kuamkia siku hiyo, ukishalaza watoto, uweke kwenye friji. Asubuhi utakuta limeganda juu kama siagi. Halijaharibika, mafuta yamepanda tu, ukilipasha linarudi.

Kabla ya kulibandika, toa vijiko viwili vya tui bichi uweke pembeni. Hiyo ni akiba, nitakwambia kazi yake.

Chukua sufuria pana. Mdomo ukiwa mpana maji yanatoka haraka. Ile ndefu nyembamba itakuweka nusu saa. Weka tui, nusu kijiko cha chai cha manjano, punje tatu za kitunguu saumu na tangawizi kiasi cha fundo la kidole, vyote vimepondwa laini, bizari nyembamba uliyoikaanga kavu na kuisaga, robo kijiko, na chumvi. Pilipili mbuzi weka nzima, yenye kikonyo chake, bila kuitoboa. Inatoa harufu yote ya pilipili na ukali unabaki ndani yake. Watoto watakula. Mkubwa anayetaka ukali aiminyie kwenye sahani yake.

Moto mdogo. Usifunike. Koroga. Tui linakatika kwa sababu mbili, na wewe uliyafanya yote mawili: uliliacha likachemka kwa fujo, na uliweka ukwaju tangu mwanzo. Mafuta na maji ya nazi yameshikamanishwa na kitu kidogo sana, moto mkali unakivunja, na uchachu unakivunja upesi zaidi. Acha litokote pembeni tu, viputo vidogovidogo. Dakika 12 mpaka 15. Chovya mwiko, geuza mgongo wake, pitisha kidole katikati. Njia ikijifunga, bado. Njia ikibaki wazi, epua.

Likishaepuliwa, tena limetulia kidogo, ndipo uweke ukwaju. Vijiko viwili vya chakula, ule mzito uliokamuliwa kwa maji ya moto machache, umechujwa usiwe na nyuzi. Sukari guru kiasi cha ukucha. Mimi mwenyewe siweki, lakini inasaidia kung'aa. Onja. Liwe chachu kidogo kuliko unavyopenda na chumvi izidi kidogo, kwa sababu samaki atavipunguza.

Likikatika pamoja na hayo yote, chukua ile akiba ya tui bichi, mimina kidogo kidogo nje ya moto huku ukipiga kwa uma. Linarudi. Likigoma, lizungushe kwenye blenda sekunde chache.

Samaki. Yule kijana wa Feri amesema kweli, mpasue mgongoni. Muoshe kwa chumvi na ndimu, kisha umfute. Narudia, mfute kwa kitambaa ndani na nje, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Samaki mwenye maji hakaangiki, anachemka, na ngozi yake inaganda kwenye chuma. Mpake kitunguu saumu, tangawizi, chumvi, manjano na pilipili manga. Ndimu kamua nusu tu, tena muda mfupi kabla ya kumbandika. Akikaa saa nzima kwenye ndimu nyama inapauka na kuwa kama chaki.

Frampeni ipate moto mpaka tone la maji likidondoka linarukaruka. Mafuta vijiko vitatu. Mlaze upande wa ngozi, mkandamize kwa mwiko hesabu mpaka kumi asijikunje, kisha mwache. Usimguse, usimchungulie. Dakika nne au tano. Ukijaribu kumwinua naye ameshika, hajawa tayari, ngozi ikikauka huachia yenyewe. Geuza, dakika tatu. Chomeka ncha ya kisu penye mfupa: nyama iwe nyeupe na iachie.

Sasa kupaka. Hapa huna makaa, na rojo likigusa chuma litaungua kama mara ya kwanza. Tafuta jani la mgomba. Kigamboni migomba haikosekani uani. Lipitishe juu ya moto upande huu na huu mpaka lilainike na ling'ae, lisipasuke. Mtoe samaki, mwaga mafuta, futa frampeni, tandika jani. Mrudishe samaki juu ya jani, upande wa nyama juu, moto mdogo. Paka utando mwembamba kwa ule mchaichai wako, tena usiuache, rojo linachukua harufu yake. Subiri dakika moja na nusu mpaka ukigusa lisikutiririke. Paka tena. Halafu mgeuze, ule upande uliopakwa ulalie jani, paka ngozi. Dakika mbili. Mgeuze tena, utando wa mwisho, epua. Jani litababuka chini na kutoa moshi wake, na ule moshi ndio utakaokukumbusha Bagamoyo. Ukitaka na wa vifuu, weka kipande kidogo cha kifuu kwenye moto wa gesi mpaka kiwake na kiwe kaa, kiweke kwenye kibakuli cha bati karibu na samaki, funika kwa sufuria dakika tatu. Dirisha liwe wazi.

Mpangilio wa plati zako mbili: wali ubandikwe wa kwanza, rojo la pili. Rojo likiepuliwa, frampeni inachukua nafasi yake na wali unakauka. Yote inaingia ndani ya dakika zako 40 kama tui ulishakamua jana.

---

SatoMwanza

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimesoma kwa makini na nimejifunza, hasa habari ya jani. Lakini naomba nitoe njia ya watu wa ziwani, maana si kila siku mtu ana nazi ya jana usiku.

Mimi niko Mwanza, napita Mwaloni Kirumba nikitoka kazini. Samaki wangu ni sato wa robo tatu, au mnofu wa sangara wenye unene wa vidole viwili. Nazi huku inatoka kwenu Pwani, na ikifika imechoka. Kwa hiyo mimi napaka asali. Asali ya Tabora, ile nyeusi ya nyuki wakali, vijiko viwili vya chakula, maji ya limau vijiko viwili, tangawizi ya kukwangua, pilipili ya kusaga, chumvi. Navichemsha kwenye kisufuria dakika mbili mpaka viwe vizito. Mnofu wa sangara naukaanga kwa mafuta kidogo dakika nne kila upande, nazima moto, namimina asali frampeni ikiwa bado na moto wake, nauzungusha mnofu humo. Umemaliza. Dakika 15 zote pamoja na kuosha vyombo.

Kanuni yangu ni hiyo ya kuzima moto. Asali kwenye frampeni inayowaka inageuka nyeusi ukigeuka tu kuchukua sahani. Na mnofu usiwe na ngozi, asali inateleza kwenye ngozi.

Kwa ugali wa moto na mchicha, kwangu hakuna kinachoshinda.

---

BiMkubwaTanga

Marahaba kaka. Umesema vizuri na samaki wako nitamla nikifika. Ila huyo siyo wa kupaka, tumwite wa asali. Wa kupaka ana nazi na ukwaju, na dada ameuliza kitu cha bibi yake. Akikosa nazi siku nyingine atafuata njia yako. Siku ya nazi asichanganye, asali na tui vikikutana vinakuwa kama kitindamlo.

---

MswahiliMuttrah

Assalaam alaikum. Nawaandikia kutoka Muscat, wazee wangu walihamia huku wakitokea Unguja, na kwetu samaki wa kupaka ni wa Ijumaa. Nina mambo mawili tu ya kuongeza.

La kwanza, tui la kopo. Najua kwenu linaonekana uvivu, lakini sisi ndilo tulilo nalo, na halikatiki kirahisi kwa sababu wenye kiwanda wameliwekea vitu vya kulishikilia. Dada akirudi amechoka na hakukamua nazi, kopo moja dogo linamtosha kwa changu wawili. Alitikise vizuri kabla ya kufungua. Ladha yake ni bapa kidogo, kwa hiyo mimi huongeza kitunguu saumu na kuweka majani ya mchaichai ndani ya sufuria wakati linapungua.

La pili, kuhusu kung'aa. Huku badala ya sukari guru naweka asali ya tende, kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha rojo, si zaidi, kwa sababu ni nyeusi na inaficha rangi ya manjano. Na uchachu nachanganya ukwaju na ndimu kavu ya kusaga. Ukiisaga mwenyewe itoe mbegu kwanza, zina uchungu. Nguru kutoka soko la Muttrah namkata vipande vya unene wa kidole gumba, namchoma kwenye oveni, moto wa juu peke yake, dakika nne kavu, halafu napaka na kurudisha mara tatu, dakika mbili mbili. Kwa mwenye oveni hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Lakini nguru hana mafuta mengi, akizidi dakika moja anakuwa kama pamba mdomoni, kwa hiyo simama hapohapo.

Bi Mkubwa, naomba kuuliza: kwenu Tanga mnamla na nini? Mama yangu alikuwa hamli ila kwa mkate wa mofa.

---

BiMkubwaTanga

Waalaikum salaam binti yangu. Mama yako alijua. Mkate wa mofa ndio wenyewe, unafuta rojo lililobaki sahanini bila kulowa. Lakini kuoka mofa siku ya kazi haiwezekani, huyo dada tusimtese. Wali wa tui la pili na kachumbari yenye ndimu nyingi vinatosha.

---

AbiriaWaPantoni

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote. Nimekaa kimya wiki nzima kwa sababu nilitaka nirudi na majibu.

Jumatatu usiku nilikamua nazi. Jumanne Feri nikamwomba mparaji anipasulie mgongoni. Akaniuliza, "Unakwenda kukausha?" Nikamwambia nakwenda kupaka, akacheka akanifanyia. Sijui kama ndiye wewe MparajiFeri, kama ndiye, asante. Mashavu nilifunua meza tatu kabla ya kununua.

Nilifungua mlango saa 12 na dakika 40, pantoni ilichelewa. Wali kwenye plati ya kushoto, tui kulia. Kweli lilikuwa limeganda juu, nikatulia kwa sababu mlishanieleza. Dakika kumi na nne njia ya kidole ikabaki wazi. Nilipoweka ukwaju nilishika pumzi. Rojo likawa zito zaidi, likageuka rangi ya dhahabu iliyokolea, na halikukatika. Ile pilipili mbuzi nzima ilijaza nyumba harufu.

Samaki nilimfuta kwa vitambaa viwili. Nikamkandamiza, nikahesabu, nikamwacha. Kumwacha ndiko kulikuwa kugumu, mkono wangu umezoea kuchungulia. Dakika ya tano nikamwinua kwa mwiko, akaja mzima na ngozi yake yote.

Kosa nililofanya Jumanne ni jani. Nilichuma changa, la katikati, likapasuka nilipolipitisha kwenye moto, na rojo likapenya chini na kuungua upande mmoja. Alhamisi nikachuma lililokomaa, la pembeni, nikalitandika maradufu, mshipa mkubwa nikiwa nimeukata. Likatulia. Utando wa kwanza, wa pili, kumgeuza, wa tatu. Kingo zikababuka. Nilipoinamia frampeni, ule moshi wa jani na nazi ulinijia usoni nikalazimika kusimama kidogo pale jikoni. Bibi alifariki 2011, na tangu hapo sikuwahi kuisikia harufu ile ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Tulikula saa 1 na dakika 25. Yaani dakika 45 kamili, na Alhamisi 41. Binti yangu hakuuliza kama ni mchuzi. Alikula upande wake mpaka mfupa, akalamba kidole, akaomba na kichwa.

Swali la mwisho Bi Mkubwa. Rojo lilibaki kama robo kikombe. Naweza kuliweka?

---

BiMkubwaTanga

Alhamdulillah mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Kichwa mpe mtoto, kina nyama tamu.

Rojo ambalo hukulichovya burashi lililomgusa samaki, liweke kwenye friji, kesho yake ulitumie. Lililochovywa limalize siku hiyohiyo. Kwa hiyo siku nyingine gawa mapema, bakuli la kupakia na bakuli la akiba. Lililolala linakuwa zito kama uji, usiliongeze maji, liongeze kijiko cha tui na ulipashe kwa moto mdogo. Paka kwenye muhogo wa kuchoma au ndizi mbichi ya kuchoma, watoto wataipenda asubuhi ya Jumamosi.

Na hilo la kuukata mshipa wa jani hukufundishwa na mimi. Nitalitumia.

---

AbiriaWaPantoni

Nimeligawa leo. Jumamosi nakwenda Bagamoyo kwa mama mdogo, mgomba wa bibi bado upo nyuma ya nyumba. Nitarudi na majani ya wiki nzima.